Aliimbiwa, na nani? Sauti zilizovuma huku majina yakifichwa

Nilipokuwa mtoto niliamini kabisa kwamba Wazungu wa kwenye sinema wanajua Kiswahili. Gari la sinema lilikuwa likija mara moja moja pale Khayega, kusini mwa mji wa Kakamega kwenye barabara ya kwenda Kisumu. Kitambaa cheupe kingetundikwa, jenereta ingenguruma, nasi watoto tungekaa nyasini mbele kabisa. Mzungu akifungua mdomo, Kiswahili kinatoka. Ilinichukua muda kugundua kwamba kando ya gari palikuwa na mwanamume ameshika maikrofoni, naye ndiye aliyekuwa akimsemea kila mtu, kuanzia bwana shamba hadi daktari. Siku nilipomwona nilihisi nimepunjwa. Lakini kesho yake shuleni tuliwataja wale wa kwenye kitambaa tu. Jina la yule wa maikrofoni hakuna aliyelijua, wala hakuna aliyeliuliza.

Nimemkumbuka mtu huyo kwa sababu ya swali la darasani. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza juzi: "Mwalimu, mtu anayemwimbia au kumsemea mwigizaji kwenye filamu tunamwitaje kwa Kiswahili?" Nikamjibu kwamba wenzetu wa Tanzania husema kuingiza sauti, na anayeifanya kazi hiyo ni mwingiza sauti. Sina ugomvi na istilahi hiyo. Ila nilimwambia kwamba kuipa kazi jina ni rahisi kuliko kumtaja aliyeifanya. Historia ya jambo hili inafundisha, na inaishia mahali ambapo mimi mwenyewe sina pa kujificha.

Tuanze Hollywood, maana huko ndiko kuficha kulikogeuzwa kuwa kanuni ya kazi. Filamu ya The Jazz Singer ya mwaka 1927 iliwafungulia mlango waigizaji kuimba. Studio zilikuwa na nyuso nzuri zilizofungwa kwa mikataba, lakini si kila mwenye uso mzuri huwa na koo la kuimba. Basi uso ukachukuliwa huku na sauti kule. Mara nyingi wimbo ulirekodiwa kwanza, kisha mwigizaji akaufuatisha kwa midomo mbele ya kamera. Watazamaji walilipa kumwona na kumsikia nyota mmoja, na kumbe walikuwa na watu wawili.

Aliyefanya kazi hii kwa umahiri mkubwa ni Marni Nixon, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2016. Katika The King and I (1956) aliimba kwa niaba ya Deborah Kerr. Katika West Side Story (1961) aliimba kwa niaba ya Natalie Wood. Katika My Fair Lady (1964) akaimba kwa niaba ya Audrey Hepburn. Filamu tatu, nyota watatu, koo moja. Na jina lake halikuonekana katika orodha ya washiriki wa filamu yoyote kati ya hizo.

Msomaji wangu asidhani lilisahauliwa. Nixon alisimulia baadaye kwamba alipoimba The King and I, alionywa na studio kuwa siri ikitoka hatapata kazi tena mjini humo. Kwa kazi ile alipokea dola 420, ilhali albamu ya nyimbo za filamu hiyo iliuzwa kwa malaki. Aliyeitoboa siri ni Deborah Kerr mwenyewe, aliyemtaja Nixon hadharani na kumshukuru. Natalie Wood naye alirekodi nyimbo zake akiamini kuwa ndizo zitakazotumika, kumbe uamuzi wa kuziondoa ulikuwa unapikwa kando. Mtunzi wa muziki wa West Side Story, Leonard Bernstein, alimkatia Nixon robo ya asilimia moja ya mapato yake ya albamu. Ni kidogo, lakini kilikuwa kitu, na kilitoka mfukoni mwa mtu aliyejua thamani ya alichokisikia.

Kuna kichekesho kingine. Filamu ya Singin' in the Rain ya mwaka 1952 inahusu jambo hili hili. Nyota wa filamu za kimya ana sauti ya kukwaruza, na msichana asiyejulikana analazimishwa kumwimbia nyuma ya pazia. Mwishoni pazia linavutwa, ukweli unadhihirika, haki inashinda, watu wanapiga makofi. Msichana huyo aliigizwa na Debbie Reynolds. Lakini katika baadhi ya nyimbo, sauti inayosikika si ya Reynolds, ni ya mwimbaji aitwaye Betty Noyes, ambaye filamu haikumtaja. Ebo! Filamu inayolaani uficho, nayo imeficha mtu.

Kisa kinachotugusa sisi Wakenya ni cha Carmen Jones ya mwaka 1954. Waigizaji wake wakuu, Dorothy Dandridge na Harry Belafonte, walikuwa waimbaji kwa haki yao. Hata hivyo muziki ulikuwa wa opera, na wenye filamu wakaamua kuwaondolea sauti zao. Dandridge akaimbiwa na Marilyn Horne, binti wa Kizungu aliyekuwa na umri wa miaka ishirini tu. Belafonte akaimbiwa na LeVern Hutcherson. Mnamo 1959, Belafonte huyu huyu alikuwa miongoni mwa Wamarekani waliochangisha fedha ili vijana wetu wasafiri kwa ndege kwenda kusoma Marekani, katika mpango wa Tom Mboya. Na mwaka 1965 alitoa albamu pamoja na Miriam Makeba ambamo mna Malaika. Wimbo huo aliurekodi Fadhili William hapa kwetu, lakini utunzi wake umebishaniwa miaka nenda miaka rudi, majina ya Adam Salim na Grant Charo yakitajwa pia. Mtu aliyenyang'anywa sauti akaja kuuimba wimbo ambao wenyewe hatujakubaliana ni wa nani.

Je, kulikuwa na njia nyingine? Ilikuwepo, na watu wa pwani wanaijua. Katika filamu za Kihindi, ambazo Mombasa, Lamu na Unguja zilipendwa kwa vizazi, mwigizaji kuimbiwa ni jambo la kawaida lisilofichwa. Ila hata huko haki haikuja yenyewe. Filamu ya Mahal ilipotoka mwaka 1949, sahani ya wimbo wake mashuhuri iliandikwa kuwa mwimbaji ni Kamini. Huyo hakuwa mtu, alikuwa mhusika katika filamu! Wasikilizaji wakaisumbua redio wakitaka kujua sauti ile ni ya nani, na hivyo jina la Lata Mangeshkar likajulikana. Baadaye Lata alikataa kuimba katika hafla ya tuzo za Filmfare kwa sababu waimbaji hawakuwa na tuzo yao. Mwaka 1959 tuzo hiyo ikaanzishwa, na wa kwanza kuipata akawa yeye. Kwa hiyo mambo mawili yaliwafanya waimbaji wa India kuwa maarufu kama waigizaji: wasikilizaji waliouliza, na mwimbaji aliyegoma.

Mombasa ikaongeza lake. Juma Bhalo, gwiji wa taarabu aliyefariki mwaka 2014, alijulikana kwa kuimba maneno ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi. Mengi ya maneno hayo yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir, yule tunayemsoma shuleni kupitia diwani ya Malenga wa Mvita. Hebu fikiria safari ya wimbo mmoja wa namna hiyo. Mwigizaji anachezesha midomo, Mohammed Rafi anaimba, mtunzi wa muziki yuko Bombay, Bhalo anayachukua mahadhi, Nassir anaandika beti. Ni watu watano katika wimbo wa dakika chache. Anayesikiliza harusini atakuambia, "Huo wa Bhalo." Hakosei, ila hajamaliza.

Hapa sarufi yetu ina la kutufunza. Kiingereza kinaweza kusema Audrey Hepburn aliimba na kikanyamaza. Kiswahili kinatupa kauli ya kutendewa: Hepburn aliimbiwa. Mtoto huimbiwa alale, bwana harusi huimbiwa asifiwe, na mwigizaji huimbiwa ili aonekane anaimba. Katika matumizi yote hayo, kitenzi hicho hakitulii mpaka umejibu: na nani? Vivyo hivyo kusemewa, kuandikiwa, kulimiwa. Ukisikia mtu amesemewa, moja kwa moja unajua pana mwingine. Lugha imemwekea kiti. Ni sisi tunaokiacha kitupu.

Na tunakiacha kitupu hata leo. Mwaka 2011 televisheni ya TBC ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili. Mwaka 2016 kampuni ya StarTimes iliandaa shindano nchini humo la kutafuta sauti, na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyo. Zikaja pia tamthilia za Kituruki, wasultani wakizungumza Kiswahili safi kuliko baadhi ya wabunge wetu. Hii ni ajira halali kwa wenye Kiswahili, nami naishangilia. Lakini nilipowauliza wanafunzi wangu wanitajie mwingiza sauti mmoja wa tamthilia wanazozitazama kila jioni, darasa lilikaa kimya. Wakamtaja DJ Afro tu. Huyo wanamjua kwa sababu hujitaja mwenyewe katikati ya filamu, na sasa naona hekima yake.

Sasa nifike kwangu, maana ni rahisi kuisema Hollywood kutoka Kakamega.

Mwaka 1988 nilikuwa nikikusanya data ya tasnifu yangu ya uzamifu. Nilizunguka vijiji vya Isukha na Idakho nikiwa na kinasa sauti na begi la betri. Karibu na Shinyalu nyanya mmoja aliniimbia nyimbo saba kwa jioni mbili, wanawake wenzake wakimwitikia. Nilipokuwa nikifunga vyombo vyangu aliniuliza, "Mjukuu wangu, hiyo sauti yangu sasa unaipeleka wapi?" Nikamwambia naipeleka chuoni. Akasema, "Haya. Ukifika huko uwaambie ni ya nani." Nikacheka, nikamwahidi.

Tasnifu ilikuja kuwa na kurasa zaidi ya mia tatu. Jaladani pana jina langu. Katika ukurasa wa shukrani nilimtaja msimamizi wangu, wakutubi, mke wangu, hata mpiga taipu. Chini ya zile nyimbo saba niliandika: "Mwimbaji: mwanamke mzee, Isukha." Ndivyo ilivyokuwa desturi yetu sisi watafiti wa wakati huo, na wengi hatukuona kasoro. Sikuwa na nia mbaya. Lakini hata meneja wa studio angeweza kujitetea kwa maneno hayo hayo. Kwa nyimbo zile nilipata shahada, shahada ikanipa kazi, kazi ikanijengea nyumba. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Aliyeimba alichumia juani, na kivulini nikala mimi.

Mwaka huu nilizitoa kanda zile, nikazihamishia kwenye kompyuta, nikarudi nazo Shinyalu. Boma lile limegawanywa mashamba madogo madogo, na wengi wa watoto wake wamehama. Wazee wawili walikubali kusikiliza. Walitikisa vichwa, mmoja akafuta machozi. Kisha kila mmoja akataja jina la mwimbaji, na majina hayakulingana. Kwa hiyo sithubutu kuchapa lolote kati ya hayo mawili hapa. Nimechelewa kwa takriban miaka arobaini, na kosa ambalo lingezuiwa kwa kalamu na nusu dakika sasa linahitaji uchunguzi.

Mwaka 2014 UNESCO iliitambua ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho kuwa urithi unaohitaji kulindwa haraka. Tulifurahi, na ilifaa tufurahi. Lakini jamii nzima haianzishi wimbo. Wimbo huanzishwa na mtu mmoja mwenye jina, ndipo wengine wakamwitikia.

Kwa wanafunzi wangu sasa nina sharti moja: sikubali kazi yenye "mwimbaji asiyejulikana" mpaka nielezwe ni nani aliyeulizwa. Kwa wenye televisheni ombi langu ni dogo: tamthilia ikiisha, majina ya waingiza sauti yapite kwenye skrini, tena yasipite mbio. Na kwa wasomaji wa Shinyalu, Khayega na Malinya: kama mna nyanya aliyekuwa akiongoza nyimbo za wanawake miaka hiyo, na mnakumbuka kijana mwembamba aliyekuja na kinasa sauti chenye mkanda wa bluu, mniandikie kupitia mhariri. Nitakuja na kanda. Waliomjua vizuri zaidi wasikilize, nami safari hii nitakuwa na kalamu.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.