Swichi za kampuni tofauti zaweza kuunganishwa kwa faiba, mradi mwanga ulingane

TANGU nyaya za faiba za chini ya bahari zifike Mombasa mwaka 2009, teknolojia hiyo imepenya hadi ndani ya shule, hospitali na vyama vya ushirika. Aghalabu taasisi kama hizo hununua vifaa kwa awamu, hivyo swichi ya jengo moja huwa ya kampuni tofauti na ile ya jengo la pili. Hapo ndipo huzuka swali linaloweza kugharimu pesa nyingi: je, swichi hizo zaweza kuunganishwa, au mojawapo haina budi kutupwa?

Zaweza kuunganishwa. Kazi ya kusafirisha data katika faiba hufanywa na transiva, kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la swichi ili kugeuza umeme kuwa mwanga, na mwanga kuwa umeme. Transiva za pande zote mbili sharti ziafikiane kuhusu kasi, urefu wa wimbi la mwanga na aina ya faiba. Chapa haimo katika orodha hiyo. Hata umbo laweza kutofautiana: transiva ya XFP huwasiliana barabara na ya SFP+ iwapo zote mbili zimeundwa kwa kiwango cha 10GBASE-LR.

Kikwazo cha chapa kimo kwingine. Kila transiva ina kumbukumbu ndogo inayotaja mtengenezaji wake, na baadhi ya swichi hukataa isiyotoka kwa kampuni yao. Dawa yake ni kuipa kila swichi transiva inayoitambua, kisha kuhakikisha kuwa mbili hizo zinatumia mwanga wa aina moja. Muuzaji anayeshikilia kuwa lazima pande zote ziwe na chapa yake anatetea mfuko wake.

Kuhusu mwanga, hakuna nafasi ya kubahatisha. Transiva ya 1000BASE-SX hutumia wimbi la nanomita 850 katika faiba ya modi nyingi, ambayo kiini chake kina kipenyo cha maikromita 50 au 62.5. Ile ya 1000BASE-LX hutumia nanomita 1310, hasa katika faiba ya modi moja yenye kiini cha takriban maikromita 9. Ukiziunganisha mbili hizi, kipokezi cha SX hakihisi vyema mwanga wa LX, na mawasiliano hukwama. Faiba nazo hazichanganywi: mwanga ukitoka kwenye kiini kipana kuingia chembamba, sehemu yake kubwa hupotea. Ganda la njano kwa kawaida huashiria modi moja, na la rangi ya machungwa modi nyingi, ila ni salama zaidi kusoma maandishi yaliyo kwenye ganda lenyewe.

Mtego mkubwa zaidi ni ule wa transiva zinazoelekea kufanya kazi ilhali hazilingani. Chukua 10GBASE-LR, ya nanomita 1310 na umbali wa kilomita 10, iunganishwe na 10GBASE-ER, ya nanomita 1550 na kilomita 40. Vipokezi vya transiva hizi aghalabu huhisi mawimbi yote mawili, kwa hivyo taa ya kijani yaweza kuwaka na fundi akaenda zake. Hata hivyo, ER huruhusiwa kutoa mwanga wa hadi takriban miliwati 2.5, wakati LR imeundwa kupokea usiozidi takriban miliwati 1.1. Katika waya mfupi, kipokezi huzidiwa. Data huanza kupotea, na huenda kikaharibika kabisa. Isitoshe, hata ER mbili zinazolingana huhitaji upotevu wa angalau desibeli 5 kati yao, hivyo kwenye masafa mafupi huwekewa kipunguza mwanga.

Kuna transiva ambazo sharti zitofautiane. Zile za 1000BASE-BX hutuma na kupokea katika uzi mmoja wa faiba, upande mmoja ukituma kwa nanomita 1310 na wa pili kwa 1490. Anayenunua mbili za aina moja hupata jozi isiyosikilizana.

Kasi nayo husahaulika. Tundu la SFP+ mara nyingi hukubali transiva ya gigabiti 1, lakini transiva hiyo haiwezi kuzungumza na ya gigabiti 10 iliyo upande wa pili.

Iwapo yote yamelingana na bado taa haiwaki, kwanza nyuzi mbili zibadilishane nafasi upande mmoja, kwa kuwa penye kutuma huku sharti paelekee penye kupokea kule. Kisha ncha zisafishwe. Chembe ya vumbi yatosha kuziba kiini cha maikromita 9. Swichi nyingi pia huonyesha kiasi cha mwanga unaopokewa, na tarakimu hiyo hulinganishwa na viwango vya mtengenezaji. Fundi asichungulie ndani ya ncha ya faiba kutafuta mwanga: leza hizo hazionekani kwa macho, na zile za masafa marefu zaweza kuyadhuru.