Historia ya Yungiyungi Likwealo

Msomaji mpenzi, ulisikiapo neno historia, huenda mawazo yako yakakimbilia wafalme, vita na mikataba. Hayo ni kweli, lakini mimea nayo ina historia, na historia ya mmea ni historia ya watu waliouona, waliouita jina, waliouchimba na waliouuza. Katika kurasa hizi tutautazama mmea mmoja tu, uotao mwituni katika nchi yetu na katika nchi nyingi za Afrika. Nao ni yungiyungi likwealo, ambalo wataalamu huliita Gloriosa superba.

Kwanza tulijue umbo lake. Yungiyungi hili huchipuka katika kiazi chembamba kilichopinda, aghalabu mfano wa herufi V. Shina lake ni dhaifu, wala haliwezi kusimama peke yake. Lakini ncha ya kila jani imerefuka ikawa kikono, na kikono hicho hujizungusha kwenye kijiti au tawi lolote kilipatalo. Kwa njia hiyo mmea hukwea juu ya vichaka, pengine kupita kimo cha mtu. Ua lake lina petali 6 zilizokunjamana pembeni na kupinda kwenda juu kama ndimi za moto, na aghalabu rangi zake ni nyekundu na manjano.

Mmea huu hauoti Afrika peke yake. Huota India na Sri Lanka pia, na huko ndiko ulikoandikwa habari zake na Wazungu katika karne ya 17. Wakati huo Waholanzi walikuwa na ngome katika pwani ya Malabar, kwa ajili ya biashara ya pilipili. Mkuu wao huko, Hendrik van Rheede, aliwakusanya wenyeji waliojua mimea, miongoni mwao mganga Itty Achudan, wakamweleza majina ya mimea ya nchi yao na faida zake. Maelezo hayo yalichapwa Amsterdam kati ya 1678 na 1693 katika kitabu cha juzuu 12 kiitwacho Hortus Malabaricus. Yungiyungi letu limo humo, pamoja na jina lake la Malabar. Lakini mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Uswidi, alipoipanga mimea ya dunia, aliupa jina la Kilatini lenye maana ya utukufu na fahari. Jina hilo ndilo lililoenea duniani.

Wazungu waliupenda mmea huu, wakaupanda ndani ya nyumba za vioo, maana baridi ya kwao ingeuua. Mwaka 1903 aina moja nzuri iliyotoka Afrika iliandikwa kwa jina la Gloriosa rothschildiana, kwa heshima ya tajiri wa Uingereza, Rothschild. Leo wataalamu wengi husema kwamba aina hiyo ni Gloriosa superba ile ile. Tazama basi: ua la mwitu wa Afrika lilivuka bahari likapata jina la ukoo wa mbali, na mtu aliyelipita kila siku akienda kisimani hakuulizwa yeye analiitaje.

Lakini ua hilo halikuacha kuhusika na mambo ya watawala. Mwaka 1947 Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alipewa zawadi na watoto wa shule wa Rhodesia ya Kusini kwa kutimiza miaka 21. Zawadi hiyo ilikuwa pambo la almasi la kuvaliwa kifuani, lenye sura ya yungiyungi hili. Mwezi wa Februari 1952, alipokuwa Kenya, baba yake alifariki dunia, naye akawa malkia akiwa katika nchi yetu. Aliporejea London alikuwa amelivaa pambo lile. Miaka ilipita, na mwaka 1980 Rhodesia ikawa Zimbabwe, nchi huru. Je, taifa hilo lilikitupa kitu kilichokwisha kuwa pambo la watawala? La. Yungiyungi hilo ni ua la taifa la Zimbabwe, kwa kuwa lilikuwa la nchi ile kabla ya taji lolote kufika huko. Ua halikubadili rangi yake. Watu ndio waliobadili maana yake.

Sasa tushuke chini ya ardhi, tukitazame kiazi. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndani ya yungiyungi hili mna kibaya kuliko kipande cha mti, maana mmea wote una sumu iitwayo kolkisini, na kiazi chake ni cha hatari sana. Huko Sri Lanka wako watu waliokufa kwa kukila, wakidhani ni kiazi kitamu. Hata hivyo sumu hiyo hiyo, ikipimwa na mganga ajuaye kazi yake, ni dawa ya jongo, ugonjwa uumizao viungo. Ilitolewa kwanza katika mmea mwingine wa Ulaya, mwaka 1820, na Wafaransa Pelletier na Caventou. Mwaka 1937 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba kolkisini huweza kuzidisha maradufu kromosomu za mimea. Kwa elimu hiyo yakapatikana matikiti maji yasiyo na mbegu.

Kwa sababu hizi yungiyungi limekuwa mali. Katika jimbo la Tamil Nadu, India ya kusini, wakulima hulilima mashambani na kuuza mbegu zake kwa watengenezaji wa dawa, na wakati wa maua huchukua chavua kwa mikono yao na kulitia kila ua, ili lizae. Lakini palipo na mali pana tamaa. Katika sehemu nyingine za India mmea huu umekuwa haba mwituni, kwa kuwa watu walivichimba viazi wasirudishe hata kimoja. Anayechuma ua huuachia mmea uhai wake. Anayechimba kiazi huuchukua mmea wa mwaka huu na wa mwaka ujao pia.

Basi, msomaji, kama wataka kuwa na yungiyungi hili nyumbani, usiende kuling'oa mwituni. Tafuta kiazi kwa mtu aliyelipanda, na ukishike kwa uangalifu, ukiwa umevaa glavu. Kiazi hiki huvunjika upesi, na chipukizi lake hutoka kwenye ncha. Ncha hiyo ikivunjika, huenda kisiote tena. Mvua za masika zinapoanza, kilaze chini ya udongo, kina cha sentimita 5 hadi 8, mahali penye jua na pasipotuama maji. Changanya udongo na mchanga na mbolea iliyooza vizuri. Simamisha mti au waya wa kukwelea mapema, kabla vikono havijaanza kutafuta pa kushika. Maua yakiisha, majani hunyauka. Usidhani kwamba mmea umekufa, umelala tu. Punguza maji, au vichimbue viazi uviweke katika mchanga mkavu mpaka mvua nyingine. Viandike jina, wala usiviweke karibu na jiko au ghala ya chakula, wala mahali wafikapo watoto na mifugo. Ukishika viazi, nawa mikono.

Ukiwa na subira, kiazi kimoja huacha viazi vipya mahali pake, nawe utaweza kumpa jirani kimoja ukabaki na chako. Mpe na habari zake pia: kwamba ni sumu, kwamba ni dawa, na kwamba kimeandikwa vitabuni zaidi ya miaka 300. Kisha muulize bibi au babu yako kama alilijua ua hili, na kwa lugha ya kwenu liliitwaje. Akikuambia, liandike jina hilo katika daftari lako, maana hilo nalo ni sehemu ya historia, na halitaandikwa na mtu mwingine.