Hakimiliki katika Afrika Mashariki

Hakimiliki katika Afrika Mashariki ni haki ya mtunzi kuamua nani anakili, anachapisha au kutafsiri kazi yake, kama inavyolindwa na sheria za nchi za eneo hilo. Hakuna hakimiliki moja ya dunia nzima: kwa kawaida hufuatwa sheria ya nchi ambamo kazi inatumika, si ile ilikotungwa.

Sheria

Tanzania ina sheria mbili. Tanzania Bara inatumia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Hivyo kitabu kinachonakiliwa Songea na kinachonakiliwa Unguja viko chini ya sheria tofauti. Sheria ya Kenya ni ya mwaka 2001, na ya Uganda ni ya mwaka 2006.

Nchi hizi zinaunganishwa na Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, unaotaka mtunzi mgeni alindwe kama mwenyeji, bila sharti la kusajili kazi. Kenya ilijiunga mwaka 1993, Tanzania 1994 na Uganda 2022.

Muda wa ulinzi

Kwa vitabu, Mkataba wa Berne unadai angalau miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Sheria za Tanzania Bara, Kenya na Uganda ziliweka muda huo. Uingereza, Umoja wa Ulaya na Oman huweka miaka 70. Marekani pia huweka miaka 70, lakini vitabu vilivyochapishwa kabla ya 1978 vinaweza kulindwa kwa miaka 95 tangu kuchapishwa.

Kwa mfano, Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa hesabu ya miaka 50, ulinzi wa maandishi yake Tanzania Bara uliisha 2012. Hata hivyo, kitabu chake cha miaka ya 1950 kinaweza kuwa bado na ulinzi Marekani. Pia utangulizi, maelezo na picha za toleo jipya vina hakimiliki yake.

Sanaa za jadi

Sheria ya Tanzania Bara hulinda pia sanaa za jadi, kama ngoma ya lizombe ya Wangoni wa Ruvuma. Anayetaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili huhitaji kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa. Sheria ya hakimiliki ya Marekani haina kinga ya namna hiyo.