Elimu ya nyumbani nchini Marekani: utetezi na usaidizi wa familia

Elimu ya nyumbani ni utaratibu wa mzazi kumsomesha mtoto mwenyewe badala ya kumwandikisha shule. Nchini Marekani utaratibu huo ni halali katika majimbo yote 50. Uhalali huo haukutokana na sheria moja ya taifa. Ulipiganiwa jimbo kwa jimbo, kati ya miaka ya 1970 na 1990, na wazazi waliokuwa wachache lakini wakajua kujipanga.

Chanzo cha mvutano ni sheria za kulazimisha mahudhurio. Massachusetts ilitunga ya kwanza mwaka 1852, na Mississippi ikafunga orodha mwaka 1918. Kesi mbili za Mahakama ya Juu zilizipunguza makali. Mwaka 1925 mahakama hiyo ilibatilisha sheria ya Oregon iliyotaka karibu watoto wote wasome shule za serikali. Mwaka 1972, katika kesi ya Wisconsin dhidi ya Yoder, iliwaruhusu Waamish kuwatoa watoto wao masomoni baada ya darasa la nane kwa sababu za dini. Wanaotetea elimu ya nyumbani huzitaja kesi hizo mbili kila mara, ingawa hakuna hata moja iliyohusu mzazi anayefundisha mezani kwake. Pengo hilo ndilo lililowapa mawakili kazi kwa miaka mingi.

Vuguvugu lenyewe lilikuwa na wazazi wa aina mbili wasiofanana hata kidogo. John Holt, mwalimu aliyeikatia tamaa shule, alianza mwaka 1977 kuchapisha jarida la Growing Without Schooling mjini Boston. Wasomaji wake wengi waliona madarasa yanaua udadisi wa mtoto. Upande wa pili walikuwapo Raymond na Dorothy Moore, Waadventista waliohimiza watoto wacheleweshwe kuanza masomo rasmi, na waliosikilizwa sana na Wakristo wahafidhina. Mwanzoni pande hizo mbili ziliazimana vitabu na hoja. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, Wakristo wahafidhina ndio walioshika usukani.

Mwaka 1983 mawakili Michael Farris na Michael Smith walianzisha chama cha utetezi wa kisheria kinachojulikana kwa kifupi kama HSLDA, ambacho leo kina makao yake Purcellville, Virginia. Utaratibu wake ni mwepesi: familia hulipa ada ya mwaka, na afisa elimu akibisha hodi au barua ya mashtaka ya utoro ikifika, wakili wa chama hushika simu. Kesi nyingi huishia hapo hapo, kwa barua moja inayomkumbusha afisa sheria ya jimbo lake inasemaje.

Nyingine zilifika mbali. Huko Texas, wakuu wa elimu walikuwa wamesema kwamba kusomea nyumbani si kusoma shule binafsi, na wazazi wakaanza kushtakiwa. Familia kadhaa zilifungua kesi ya pamoja mwaka 1985, zikashinda mwaka 1987, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikathibitisha ushindi huo mwaka 1994. Huko Michigan, mwaka 1993, majaji waligawanyika wanne kwa watatu wakiamua kwamba familia inayofundisha kwa sababu za dini haiwezi kulazimishwa kutumia mwalimu mwenye leseni.

Tukio lililowafundisha wanasiasa kuwaogopa wazazi hawa lilitokea Februari 1994. Mbunge George Miller wa California alikuwa ameingiza katika mswada mkubwa wa elimu kifungu kuhusu leseni za walimu. HSLDA ilikisoma kuwa kingeweza kuwabana wazazi, ikatoa tahadhari kupitia redio za Kikristo na mitandao ya simu, kila mama akimpigia mwenzake. Laini za simu za Bunge zilizidiwa kwa siku kadhaa. Tarehe 24 Februari kifungu kiliondolewa kwa kura 424 dhidi ya 1, na hiyo moja ilikuwa ya Miller mwenyewe. Kama kifungu kilikuwa na hatari iliyodaiwa ni jambo la kujadiliwa. Somo la kisiasa halikuwa na mjadala.

Masharti bado hutofautiana mno. Texas na Idaho hazimdai mzazi hata taarifa. Pennsylvania, chini ya sheria ya mwaka 1988, humtaka atoe hati ya kiapo pamoja na malengo ya masomo, afundishe siku 180 au saa 900 kwa mwaka katika ngazi ya msingi, na atunze jalada: orodha ya vitabu vilivyosomwa, sampuli za insha na hesabu, na matokeo ya mitihani ya darasa la tatu, la tano na la nane. Mwisho wa mwaka mtathmini mwenye sifa hulipitia jalada na kuzungumza na mtoto. Zamani jalada zima lilipelekwa kwa mkuu wa elimu wa wilaya. Tangu marekebisho ya 2014, hupelekwa cheti cha mtathmini tu. Mabadiliko madogo, lakini ndiyo hasa yanayotafutwa na watetezi: karatasi moja pungufu mkononi mwa serikali.

Utetezi wa mahakamani haumfundishi mtoto kemia. Kazi hiyo imebebwa na vikundi vya ushirika, mara nyingi katika ukumbi wa kanisa siku moja kwa wiki. Mzazi aliyesomea uuguzi hufundisha biolojia, mwingine Kihispania, na asiye na somo hulea wadogo. Humo ndimo mama mgeni huambiwa mtaala upi ni ghali bure, na ni humo anamokiri kwamba kusoma kwa mwanawe kumekwama. Wengi wanaoacha huacha kwa uchovu, na mawakili hawana dawa ya uchovu. Kazi ya akina mama hawa hailipwi, na maandishi ya kulisifu vuguvugu huwa mepesi kulisahau hilo.

Hesabu za wizara ya elimu zilionyesha watoto wapatao 850,000 wanaosomea nyumbani mwaka 1999 na takriban milioni 1.8 mwaka 2012. Janga la korona lilibadili sura ya vuguvugu. Takwimu za Ofisi ya Sensa zilionyesha kaya za Wamarekani Weusi zinazosomesha nyumbani zikipanda kutoka asilimia 3.3 majira ya kuchipua 2020 hadi 16.1 msimu wa vuli mwaka huohuo. Baadhi ya wazazi hao walikuwa wakikimbia ubaguzi wa madarasani, si kutafuta mafundisho ya dini.

Upinzani mkali zaidi umetoka ndani. Mwaka 2013 vijana waliolelewa katika elimu ya nyumbani walianzisha Coalition for Responsible Home Education, wakidai usajili, tathmini za mara kwa mara na ulinzi dhidi ya ukatili. Januari 2018 watoto 13 wa familia moja waliokolewa Perris, California, baadhi yao wakiwa wamefungwa minyororo. Kwenye karatasi, nyumba yao ilikuwa shule binafsi. Watetezi hujibu kwamba ukatili ni kosa la jinai tayari na kwamba wengi wasiadhibiwe kwa kosa la wachache. Jibu hilo ni la kweli, lakini halielezi nani angemwona mtoto asiyetoka nje. Hata hivyo linafanya kazi: mwaka 2025 mswada wa Illinois uliotaka wazazi wajaze fomu ya taarifa ulikutana na umati mjini Springfield na haukupita.

Mgawanyiko wa sasa ni wa fedha. Sheria ya Texas ya 2025 inatenga hadi dola 2,000 kwa mwaka kwa mtoto anayesomea nyumbani na aliyekubaliwa kwenye mpango wa ruzuku. Wapo wanaoona ni kodi yao inayorudi. Wengine, wengi wao wakongwe wa miaka ya 1980, wanasema anayelipa ndiye atakayekuja kukagua, na hawataki kuzigusa fedha hizo.