Poland: Mlo wa Mkesha wa Krismasi na sahani ya mgeni asiyetarajiwa

Nchini Poland, kilele cha Krismasi si mchana wa tarehe 25 Desemba, bali jioni ya tarehe 24. Mlo wa jioni hiyo huitwa Wigilia, neno lenye asili ya Kilatini linalomaanisha kukesha. Tangu mwaka 2025, siku hiyo ni ya mapumziko kisheria.

Kwa desturi, hakuna anayegusa chakula kabla nyota ya kwanza haijaonekana, na watoto ndio hupewa kazi ya kuichungulia dirishani. Majani makavu huwekwa chini ya kitambaa cheupe cha meza, kukumbusha hori alimolazwa mtoto Yesu.

Kabla ya kula, kila mtu hushika opłatek, mkate mwembamba usiotiwa chachu, unaofanana na hostia. Humega kipande cha mkate wa mwenzake na kumtakia heri. Kwa kuwa kila mmoja humwendea kila mmoja, ndugu waliokosana hujikuta uso kwa uso, na aghalabu hapo ndipo msamaha huombwa.

Vyakula, kwa mapokeo, ni kumi na viwili, idadi inayohusishwa na Mitume, wala havina nyama. Ingawa Kanisa Katoliki nchini humo halilazimishi tena mfungo huo, familia nyingi zingali zikiushika. Mezani huwapo supu nyekundu ya bitiruti, pierogi, yaani vipande vya unga uliokandwa vilivyojazwa kabichi iliyochachushwa na uyoga, pamoja na samaki aina ya heringi. Samaki wa maji baridi aitwaye karpu alienea zaidi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, enzi za utawala wa kikomunisti. Mashariki mwa nchi hupikwa pia kutia, ngano iliyochanganywa na asali na mbegu za mpopi. Mgeni hutarajiwa aonje kila chakula, japo kidogo.

Lakini jambo linalozungumzwa kuliko vyakula vyote ni sahani isiyo na mwenyewe. Huandaliwa kwa ajili ya mpita njia atakayebisha hodi; kwa wengine, ni kumbukumbu ya jamaa aliyefariki.

Tangu Februari 2022, Poland imepokea idadi kubwa ya Waukraine waliokimbia vita. Nao wana mlo wa vyakula kumi na viwili, na kutia ndiyo huanza. Wengi wao walikuwa wakiula tarehe 6 Januari, hadi makanisa yao makuu yalipobadili kalenda mwaka 2023. Sasa wenyeji na wageni hao hungojea nyota jioni ile ile. Hapo ndipo maana ya sahani ya ziada hupimwa: ni pambo la meza tu, au kweli kuna mtu atakayefunguliwa mlango?