Maji ya Kwanza ya Ndoo
Ukifungua takwimu za biashara za Wajerumani, kisha za Waingereza, utaikuta nta ya misitu yetu ya miombo ikisafirishwa kwenda Ulaya. Asali haionekani sana. Ilibaki nyumbani, nyingi ikawa pombe. Mimi naitafuta historia hiyo iliyobaki nyumbani, na nimeikuta penye kuosha vyombo.

Kwa babu yangu, Bukombe, baada ya kurina, ndoo na kisu husuuzwa kwanza kwa maji ya baridi. Ya moto huyeyusha nta, ikapaka kila kitu na kuganda. Maji hayo ya kwanza hayamwagwi: yana utamu, huingia kwenye wanzuki. Kazi hufanyika ndani, jioni, maana nyuki wakinusa watakuja kudai chao (na wana haki). Masega yaliyokamuliwa huchemshwa, nta ikaelea. Ndiyo ile ya kwenye vitabu vya Mjerumani.

Dhahabu ya Geita imeleta sharti jingine. Wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki, na mabaki yake kwenye mikwaruzo ya plastiki huyaoni wala huyanusi. Ndoo iliyotumika huuzwa rahisi. Babu huuliza ilikotoka kabla ya kuuliza bei.