Kimea cha bamama: historia ya pombe ya nafaka, na sisi wenye diplome



Leo naleta historia ya kitu ambacho wengi wetu tunakidharau: pombe ya nafaka inayopikwa nyumbani, sufuria moja, bidoni mbili, mama mmoja na mbabula yake. Ukiitaja mbele ya watu waliosoma, wanawaza haraka uchafu, ulevi na lutuku. Ya chupa njo ya watu wa maana. Mimi nataka kuonyesha kwamba dharau hiyo iko na tarehe ya kuzaliwa, iko na wazazi, na sisi njo tunalipa gharama yake.

Tuanze na kazi yenyewe, juu ni vigumu kuheshimu kitu usichojua namna kinavyofanyika.

Pombe inatoka kwa chachu inayokula sukari. Katika mnazi, mchikichi au ndizi mbivu, sukari iko tayari, chachu inaingia na kazi inaanza. Lakini ndani ya nafaka kuna wanga, na chachu ya kawaida haiwezi kula wanga. Basi ufundi wote wa pombe ya nafaka ni huu: kugeuza wanga kuwa sukari. Anayefanya kazi hiyo ni punje yenyewe. Ukiiloweka na kuiacha iote, inatengeneza vimeng'enya vinavyoitwa amilasi, ili mche mdogo upate chakula. Mpishi wa pombe anaiba nguvu hiyo kabla mche haujaitumia. Nafaka iliyooteshwa hivyo, kisha ikakaushwa na kusagwa, Kiswahili kinaiita kimea. Neno tulikuwa nalo zamani, hatukungoja mtu atuletee.

Kwa mtama, ambao kwetu wengi wanauita masaka, mama analoweka siku moja hivi, anatandaza juu ya gunia, anafunika, anamwagia maji kidogo siku tatu mpaka tano, halafu anaanika juani na kusaga. Pembeni anapika uji wa unga wa mahindi. Hamimini kimea ndani ya uji unaochemka. Anangoja upoe mpaka mkono wake umwambie sasa ni saa. Hapo njo kuna sayansi. Amilasi zinafanya kazi vizuri kati ya digrii 60 na 70 hivi, na zikipita 80 zinakufa. Lakini wanga wa mtama na wa mahindi unahitaji moto mkubwa zaidi ya wanga wa shayiri ili ufunguke. Mzungu mwenye shayiri anaweza kuchanganya kimea na maji ya moto mara moja, akamaliza. Mwenye mtama lazima apike kwanza, apoze, ndipo atie kimea. Kwa hiyo hatua mbili za mama si ushamba. Ni jibu sahihi kwa nafaka aliyo nayo.

Huku Katanga tuko na jibu lingine ambalo mimi linanishangaza kila nikiliwaza: munkoyo. Upande wetu na upande wa Zambia, watu wanachukua mizizi ya mimea fulani ya porini, hasa ya jamii ya Rhynchosia na Eminia, wanaiponda na kuitia katika uji wa mahindi uliopoa. Baada ya muda mfupi uji mzito unakuwa mwepesi na mtamu. Mizizi hiyo iko na amilasi ndani yake. Maana yake, wazee wetu walitafuta msituni kitu kinachofanya kazi ya kimea bila kuotesha nafaka, wakakipata. Ukinywa siku ile ile, ni kinywaji cha watoto. Ukiacha, kinachachuka na kupata nguvu. Watafiti wa hapa Lubumbashi na wa Zambia walikuja kupima mizizi hiyo maabara. Walikuta inafanya kweli kile ambacho bamama walikuwa wanasema inafanya.

Sasa tarehe. Mwaka 1857 na 1858 Mwingereza Richard Burton alitembea na msafara kutoka pwani mpaka Ujiji, njia ile ile ya biashara iliyoleta Kiswahili mpaka kwetu ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Katika kitabu alichotoa 1860 alieleza pombe aliyoikuta njiani: nusu ya nafaka inaloweshwa mpaka iote, inapondwa, inachanganywa na unga wa nusu nyingine, inachemshwa, inachujwa kwa mfuko wa mkeka, na kufika siku ya tatu inakuwa chachu sana. Soma hayo, kisha nenda uangalie mama anayepika leo. Kazi ni ile ile.

Na msifikiri wazee walikuwa wanakunywa bila akili. Katika masimulizi ya asili ya ufalme wa Waluba, mfalme Nkongolo anasimuliwa kama mtu wa ulevi na ukali, na Mbidi Kiluwe mwindaji anakuja na adabu ya namna nyingine ya kula na kutawala. Watu walijua tofauti ya pombe ya kazi ya shamba, ya ndoa, ya kuwakumbuka wafu, na ulevi unaoharibu nchi. Walikuwa na sheria zao.

Halafu ikaja migodi. Union Minière iliundwa 1906. Elisabethville, Lubumbashi yetu, ilianza 1910, mwaka ule reli kutoka kusini ilipofika. Wanaume walikuja kwanza peke yao. Mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadilisha siasa na kutaka wafanyakazi wakae na bibi na watoto kambini. Mama akaja mjini na ujuzi wake. Mjini hakuna shamba kubwa, hakuna kazi ya mshahara kwa mwanamke, lakini kuna wanaume wenye kiu na franka mfukoni. Kimea kikawa mshahara wake.

Wakubwa wa kambi hawakupenda. Walitaka mfanyakazi aamke mapema, na mama apate pesa tu kupitia mkono wa bwana yake. Wakati huo huo, mwaka 1923, kampuni ya bia ilianzishwa Léopoldville, ile tunayoijua kama Bralima, na mwaka 1925 ikaanzishwa nyingine hapa Katanga, ile ya Simba na Tembo. Angalia hilo jina la pili. Kule pwani tembo ni mnyama, na tembo pia ni pombe ya mnazi. Kwenye chupa yetu amebaki mnyama peke yake.

Sheria za kimataifa nazo zilikuwepo. Mkataba wa Brussels wa 1890 na ule wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919 zilizuia pombe kali kuingizwa kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara. Huku Kongo, mpaka miaka ya 1950, Mkongo wa kawaida hakuruhusiwa kununua divai wala pombe kali ya Kizungu. Mbele yake kulikuwa na chupa ya bia iliyoruhusiwa, na nyungu ya mama iliyosumbuliwa. Miaka thelathini ya maisha hayo inatosha kumfundisha mtu kwamba chupa ni ustaarabu na nyungu ni aibu. Hapo njo dharau yetu ilizaliwa.

Mahali pengine ilifanyika wazi zaidi. Durban, Afrika Kusini, sheria ya 1908 iliruhusu mji kushika peke yake biashara ya pombe ya mtama. Bamama walikatazwa kupika, mji ukafungua baa zake, na faida ikalipa gharama za kuwatawala Waafrika wale wale waliokunywa. Mwaka 1929 wanawake waliandamana dhidi ya baa hizo. Juni 1959 wanawake wa Cato Manor waliingia ndani ya baa za mji, wakafukuza wanaume na kumwaga pombe. Hawakuwa wanakataa pombe. Walikuwa wanadai kazi yao.

Na kama unafikiri ni historia ya Waafrika tu, angalia Uingereza. Karibu mwaka 1300 pombe nyingi huko zilipikwa na wanawake majumbani, kidogo kidogo, na kilichozidi kiliuzwa kwa majirani. Kufika 1600 kazi ilikuwa imeenda kwa wanaume wenye mtaji, viwanda vikubwa na hopsi inayofanya bia ikae muda mrefu bila kuharibika. Mwanahistoria Judith Bennett ameliandikia kitabu kizima jambo hilo. Baadaye sheria ya 1880 ililazimisha hata anayepika nyumbani awe na leseni, na sharti hilo halikuondolewa mpaka 1963. Marekani, marufuku ya pombe iliisha 1933, lakini kupika bia nyumbani kulibaki kosa kwa sheria ya taifa mpaka Rais Carter aliposaini sheria mwezi wa kumi 1978: nyumba ya watu wazima wawili inaweza kupika mpaka galoni 200 kwa mwaka, karibu litre 757, bila kodi, mradi haiuzwi.

Sikilizeni kilichofuata. Kijana mmoja wa California, Ken Grossman, alikuwa na duka dogo la vifaa vya kupikia bia nyumbani. Mwaka 1979 yeye na mwenzake walianzisha Sierra Nevada, ambayo leo ni kiwanda kikubwa. Wengi wengine walipita njia hiyo hiyo, kutoka sufuria ya jikoni mpaka kiwanda kidogo. Huko, mtu wa diplome anayeotesha nafaka yake mwenyewe anaitwa fundi. Huku, mama anayefanya kazi hiyo hiyo, na nafaka iliyo ngumu zaidi, tunamwita mama wa pombe, na tunasema kwa sauti ya chini.

Hapa karibu, upande wa Zambia, kuna fundisho lingine. Chibuku, ambayo sisi tunaiita kibuku, ni pombe ya nafaka ya namna ya bamama iliyogeuzwa bidhaa ya kiwanda. Simulizi inayojulikana inasema jina linatoka kwa Max Heinrich, mpishi wa pombe wa Kitwe katika miaka ya 1950, aliyekuwa anaandika kila mapishi katika buku lake. Ujuzi ulikuwa wa bamama. Buku lilikuwa la mwingine. Leo jina la buku njo linauzwa.

Kuna mtu ataniuliza: na lutuku? Swali ni la haki. Lutuku ni kitu kingine. Inakerezwa, maana yake mvuke wa pombe unakusanywa mpaka unakuwa mkali, na kosa dogo, au mtu mwenye tamaa anayeongeza kemikali, linaweza kuua au kupofusha. Pombe ya nafaka isiyokerezwa iko na nguvu ndogo, mara nyingi chini ya bia ya chupa, na uchachu wake unazuia vijidudu vingi. Lakini nayo iko na hatari zake, tuseme ukweli. Kimea kisichokauka vizuri kinashika ukungu wenye sumu. Machipukizi ya mtama yanatengeneza sianidi, njo maana ni lazima kukausha, kusugua machipukizi yatoke, na kupika. Bidoni iliyokuwa na mafuta ya mashine au dawa ya shamba haifai hata ukiosha mara kumi. Na mlevi ni mlevi, awe amekunywa chupa au kikombe cha plastiki.

Mambo hayo yote, ukungu, sianidi, joto, usafi, ni mambo ambayo sisi tumesomea. Kati yetu kuna watu wa agronomia, kemia, biolojia, sheria na ekonomia wanaokaa nyumbani wakingoja kazi. Na wengi wetu, tukihesabu vizuri, minervali yetu ilipita kwenye kikombe cha kibuku au cha munkoyo. Mama aliuza, tukasoma, tukapata diplome, kisha tukaona haya kusema pesa ilitoka wapi. Wakati huo huo bamama wanaojua mizizi gani ni ya munkoyo na gani si yake wanazeeka, na msitu unaotoa mizizi hiyo unachomwa makala.

Pendekezo langu ni dogo. Likizo hii kila mmoja atafute mama mmoja anayepika. Aende na mizani ya jikoni, termometre na daftari. Apime naye pishi dogo la litre 10: kimea kilo ngapi, unga kilo ngapi, uji ulikuwa digrii ngapi mkono wa mama uliposema sasa, siku ngapi mpaka ukachachuka. Aandike jina la mama juu ya ukurasa, si jina lake yeye. Mwenye kusomea sheria aulize ruhusa gani inahitajika ili auze bila kusumbuliwa, na bei ya kweli ya ruhusa hiyo. Mwenye kusomea kemia amwonyeshe namna ya kukausha kimea juu ya meza, mbali na udongo. Tukirudi mwezi wa kumi, tuweke daftari zote pamoja.

Buku la Kitwe liliandikwa na mtu ambaye hakuitwa mtoto na hao bamama. La kwetu liandikwe na watoto wao.